Dozi Moja Imebadili Hesabu ya Chanjo

Muuguzi anafungua kasha la baridi chini ya mwembe wa shule, anachukua kichupa na kuvuta nusu mililita. Msichana aliyekunja mkono wa sare anageukia pembeni. Sekunde chache tu, kazi imekwisha.

Biashara ya kichupa hicho ni nzito. Mwaka 2023 kampuni ya Merck ya Marekani iliuza chanjo ya Gardasil ya takribani dola bilioni 8.9. Chanjo hiyo inakinga dhidi ya HPV, kirusi kinachosababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi.

Ndani hamna kirusi hai. Kuna magamba matupu ya protini, ufundi ulioanzia Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, mwaka 1991, mikononi mwa Ian Frazer na Jian Zhou. Kinga ya mwili ikishayaona, seli zinazotengeneza kingamwili hupiga kambi kwenye uboho na kuendelea na kazi miaka mingi. Ndiyo maana watafiti wakahoji: kuna haja gani ya dozi tatu, au hata mbili?

Jibu lilitoka kwetu Afrika Mashariki kwa sehemu kubwa, na tulijivunie. Katika jaribio la Kenya, huko Kisumu, Thika na Nairobi, walishiriki wanawake vijana 2,275. Dozi moja ilizuia maambukizi sugu ya HPV aina ya 16 na 18 kwa asilimia 97.5 katika miezi 18. Katika jaribio jingine, huko Mwanza, Tanzania, walishiriki wasichana 930. Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani likaridhia dozi moja, na mwaka 2024 Tanzania ikahamia huko.

Piga hesabu. Mwaka 2013 Gavi, muungano wa kimataifa wa chanjo, ilipata bei ya dola 4.50 kwa dozi, na dozi zilikuwa tatu: dola 13.50 kwa msichana. Chanjo ya HPV ya Cecolin, ya kampuni ya Innovax ya China, Gavi iliipata kwa dola 2.90 kwa dozi, nayo tangu Oktoba 2024 imekubaliwa kwa dozi moja.

Hata hivyo, nafuu hiyo inambana anayetaka kujenga kiwanda hapa, maana vichupa vinavyohitajika vimepungua. Kiwanda cha BioNTech kilichoanza kujengwa Kigali mwaka 2022 ni cha chanjo za mRNA. Magamba ya HPV huzalishwa, kwa mfano, kwa hamira au bakteria, na hiyo ni mitambo mingine kabisa. Kila nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiagiza kivyake, sioni mwekezaji atakayethubutu. Zikiunganisha oda zao kwa mkataba wa miaka mingi, hapo mazungumzo yanaweza kuanza.