NAHODHA ALIPOSEMA TURUDI
Na Mwandishi Wetu, Zanzibar

MFANYAKAZI wa mjini hula samaki karibu kila juma, lakini ni wachache miongoni mwetu waliopata kumwona samaki huyo akitoka majini. Kwa sababu hiyo, siku moja ya mapumziko mwishoni mwa Machi, watu watatu, fundi seremala, karani na mimi, tulichanga fedha tukakodi boti ndogo ya mbao yenye mashine moja. Makubaliano yalikuwa tutoke Unguja Mjini alfajiri na kurejea jioni. Fundi alikuja na mwanawe wa miaka kumi na miwili.

Tulimkuta nahodha katika diko la Malindi kabla ya jua kuchomoza. Ni mzee aliyevua kwa dema na nyavu miaka mingi kabla ya kuanza kukodisha chombo chake. Mtoto alimwamkia, "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekula?"

Kisha, bila haraka, mzee alikagua mambo manne mbele yetu: petroli, maji ya kunywa, kata ya kufutia maji ya ngama, na maboya ya kuvaa, moja kwa kila mtu. Karani alicheka, akasema bahari imetulia kama maji ya mtungini. Nahodha hakujibu. Alimfunga mtoto boya kwa mikono yake mwenyewe, ndipo akaturuhusu kupanda.

Alama za Bahari

Tulielekea kusini-magharibi. Visiwa vya Changuu na Bawe vilibaki upande wa kulia, na nyuma yetu Mji Mkongwe ukawa mstari mweupe juu ya maji. Mkondo unaotenganisha Unguja na Bara hauna kina kikubwa. Sehemu yake kubwa haizidi mita 50. Ndiyo maana wavuvi wa mjini hupata zaidi samaki wa miambani, kama changu na chewa, pamoja na kolekole na nguru wapitao. Mwenye kutaka jodari wakubwa au nduwaro huenda kaskazini, kupita Nungwi, kuelekea maji ya Pemba ambako kina hushuka mamia ya mita.

Nahodha hakuwa na chombo chochote cha kupimia. Alitazama minara ya Kanisa la Minara Miwili kule mjini, akatazama mnara wa taa wa Chumbe uliojengwa mwaka 1904, akasubiri mpaka kila kimoja kilipolingana na alama nyingine ya pwani aliyoijua yeye. Mistari hiyo miwili inapokutana, chini yake pana mwamba.

"Tieni nanga," akasema.

Ilikuwa siku ya maji mafu, mkondo hauvuti sana, na chubwi ilitua wima. Tulitia vipande vya ngisi kwenye ndoana, tukainua mshipi pima moja kutoka chini ili usinase. Mzee alimfundisha mtoto kusikiliza kwa kidole: changu hudonoadonoa, chewa humeza kisha hukimbilia pangoni mwake, na asiyemvuta papo hapo hupoteza samaki na ndoana. Samaki wa kwanza alikuwa changu, na aliyempata ni mtoto.

Karani alishauri tusogee kwenye miamba ya Chumbe, ambako alisikia samaki ni wengi. Nahodha alikataa. Miamba ya upande wa magharibi wa kisiwa hicho ilifungwa isivuliwe tangu mwaka 1994. "Huko ndiko wanakokulia," alisema. "Tukiwamaliza humo, nani atakuja kwenye mishipi yetu?"

Tamaa na Wingu

Baada ya chakula tuling'oa nanga, tukaanza kurambaza, yaani kuvuta mishipi nyuma ya chombo kinachokwenda polepole. Saa nane mchana fundi alipata nguru mrefu kama mkono wa mtu mzima. Kabla hajamtoa ndoana, wa pili alishika mshipi wa karani, akaukata. Sote tulishikwa na tamaa.

Hapo hapo nahodha akasema, "Kunjeni mishipi. Turudi."

Juu yetu jua lilikuwa likiwaka. Lakini upepo wa kaskazi uliovuma tangu asubuhi ulikuwa umekatika ghafla, na upande wa kusini-magharibi palikuwa na utepe mweusi juu ya maji.

"Mzee," karani alisema, "tumelipa mpaka jioni, na samaki ndio kwanza wamekuja."

"Fedha zako nitakurudishia, mwanangu. Mtoto huyu, akipotea, sitaweza kumrudishia mama yake."

Nilijua kuwa petroli ilikwisha kula zaidi ya nusu ya kodi ile. Hasara ingekuwa yake. Fundi alimtazama mwanawe, akaanza kukunja mshipi.

Haikupita nusu saa, dhoruba ikatufikia. Mji ulipotea ndani ya mvua, mawimbi yakapanda omo, mashine ikakohoa mara mbili kisha ikashika tena. Karani alifuta maji kwa kata bila kusema neno, mtoto akimsaidia kwa kopo. Nilikumbuka kwamba karibu na Chumbe hiyo hiyo ndipo meli ya Skagit ilipozama tarehe 18 Julai 2012, na kwamba tarehe 10 Septemba 2011 Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, zaidi ya watu 200 wakapoteza maisha.

Tuliingia Malindi saa kumi, tumelowa, wazima. Nahodha alitoa noti kumpa karani. Karani alizisukuma nyuma. "Nisamehe, mzee wangu," alisema. Nguru alikatwa vipande tukagawana, na mtoto akaenda nyumbani na changu wake ametungwa kwenye ukili.

Ndugu msomaji, ukitaka kuipeleka familia yako baharini, patana mapema kuhusu bei na mgawo wa samaki. Hesabu maboya kabla ya kupanda. Zaidi ya yote, kubali kwamba neno la mwisho ni la nahodha, hata kama fedha ni zako. Wahenga walisema, nahodha wengi, chombo huenda mrama. Na siku tutakapolalamikia bei ya kipande cha nguru pale Darajani, tukumbuke kwamba aliyemvua hutoka kesho yake alfajiri, kutafuta tena.