Ufunguo Wenye Jina Lako

Akina mama wa vikoba wa hapa Sigino wanalijua vizuri sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo zake hukaa kwa akina mama watatu, wala hakuna mmoja mwenye funguo mbili. Siku moja mshika ufunguo mmoja alikuwa msibani Singida, na wanachama walikuwa wamekwisha kukusanyika. Mmoja wao alihitaji ada ya mtoto kesho yake. Sanduku halikufunguliwa. Watu walinung'unika, wakanywa chai, wakarudi makwao, na yule mama wa ada akakopeshwa na jirani.

Wiki hiyo hiyo nilikuwa nyumbani kwa mweka hazina wa kikundi kingine, ambacho fedha zake hukaa kwenye simu. Mama alikuwa anapepeta mahindi. Akamwita binti yake wa miaka kumi na mitatu: "Hebu watumie wale watu hela yao, namba ya siri si unaijua?" Binti aliijua, na kaka yake pia. Hata kijana wa bodaboda aliyekuwa amesimama mlangoni nadhani aliijua, maana binti aliitaja kwa sauti huku akibonyeza.

Mpendwa msomaji, namba ya siri ya simu, au neno la siri la kompyuta ya kazini, ni ufunguo kama ule wa sanduku. Lakini ufunguo wa chuma ukimpa mtu, wewe unabaki huna. Akiurudisha, yeye hana. Neno la siri ukimpa mtu mnakuwa nalo wawili, na huwezi kumtoa nalo kichwani. Tena ufunguo wa chuma hauna jina. Neno la siri lina jina lako, na kila kitakachofanyika kwa neno hilo kitaandikwa kwamba umekifanya wewe.

Mimi ni muuguzi. Wodini tuna kabati la dawa kali za maumivu, kama mofini na pethidini, ambalo sisi huliita kabati la DDA. Ufunguo wake hukaa kwa muuguzi kiongozi wa zamu. Wakati wa kukabidhiana, anayetoka na anayeingia huhesabu dawa pamoja na kutia sahihi kitabuni. Nilifundishwa hivyo chuoni, na ufunguo ule sijawahi kumwachia mtu hata dakika tano.

Lakini kompyuta zilipoingia, nidhamu ile niliiacha kabatini. Siku hizi hospitali na vituo vingi vya serikali hutumia mfumo uitwao GoT-HoMIS kuandikisha wagonjwa, dawa na malipo, na vituo vingine vina mifumo yao ya namna hiyo. Kila mtumishi hupewa jina la kuingilia na neno lake la siri. Katika kituo kimoja nilichofanya kazi zamani, ambacho sitakitaja, tulipata binti wa mkataba wa miezi mitatu. Jina lake la kuingilia lilichelewa, wagonjwa walikuwa wamejaa kwenye benchi, nami kwa huruma nikamwambia atumie langu. Neno la siri nililiandika kwenye kipande cha plasta, nikakibandika chini ya meza.

Mkataba wake uliisha, akaondoka. Kile kipande cha plasta kikabaki.

Miezi kadhaa baadaye niliitwa ofisini. Kulikuwa na dawa zilizotolewa kwa jina langu usiku, na wagonjwa walioandikiwa hawakuwepo. Usiku mmoja kati ya hizo nilikuwa kwenye semina ya akina mama kanisani, na rosta ya zamu ilionyesha kwamba niko mapumzikoni. Hilo ndilo lililoniokoa, lakini si kabla ya majuma mawili ya kuandika maelezo, na kukosa usingizi, na mume wangu kuniuliza kwa upole kama kuna jambo ambalo sijamwambia. Mimi nilimshuku yule binti. Nilimtaja hata kwa maandishi. Baadaye ilionekana kwamba tuliolijua neno lile tulikuwa si chini ya sita, na wengine wamelipokezana bila mimi kujua. Aliyezichukua dawa hakujulikana mpaka leo. Huenda binti yule hakuwa na kosa lolote, na jina lake nililichafua mimi, kwa sababu nilimpa ufunguo ambao haukuwa wake. Nimewahi kukutana naye mnadani. Alinisalimia, "Shikamoo, mama," akapita.

Kwa hiyo mtumishi mgeni, hata wa wiki mbili, apewe jina lake mwenyewe la kuingilia, na lile jina lipangiwe siku ya kufa, yaani tarehe ya mwisho wa mkataba. Apewe pia milango anayoihitaji tu. Mtu wa mapokezi anahitaji kuona jina la mgonjwa na malipo yake; hana haja ya kuona majibu ya maabara. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inataka majibu ya kipimo cha VVU yawe siri, na siri hiyo haiwezi kutunzwa ikiwa kituo kizima kinaingia kwa neno moja. Wale wanaosema kumfungulia kila mtu jina lake ni kupoteza muda, mimi nawaambia nilipoteza majuma mawili.

Watu wa nje ni habari nyingine. Fundi anakuja kutengeneza kompyuta ya ofisi, ya shule au ya kanisa, anaweka neno la siri analolijua yeye, analipwa, anaondoka. Miaka miwili baadaye bado yeye ndiye mwenye nyumba. Hata wakubwa hupatwa na haya. Nchini Marekani mwaka 2013, wezi walichukua namba za kadi milioni 40 za wateja wa maduka ya Target, na njia waliyoingilia ilikuwa neno la siri la kampuni ndogo iliyokuwa ikihudumia majokofu. Jirani zetu Uganda, Oktoba 2020, kampuni za simu za MTN na Airtel pamoja na Benki ya Stanbic zilisimamisha kwa muda huduma za kuhamisha fedha kati ya benki na simu, kwa sababu ya tatizo lililotokea kwa mtoa huduma wa nje aliyekuwa akiwaunganisha. Mlango wao wenyewe ulikuwa umefungwa. Wa fundi ndio uliokuwa wazi. Fundi akimaliza kazi, badilisheni neno la siri naye angali anakunywa soda yake.

Na anayepiga simu akijidai ni mtu wa kampuni ya simu, mkumbuke Isaka katika Mwanzo 27. Mzee yule macho yalikuwa yamefifia. Sauti aliyoisikia ilimpa shaka, lakini akapapasa mikono yenye manyoya ya mwana-mbuzi, akaridhika, akatoa baraka kwa asiyemkusudia. Ukiwa na shaka, kata simu, upige wewe mwenyewe namba ya kampuni unayoijua. Mtu wa kampuni hakuulizi namba yako ya siri.

Sasa nyumbani na dukani. Akina mama wengi wa hapa mjini Babati wana vibanda vya uwakala na wameajiri mabinti. Binti akiacha kazi Jumamosi, mkishahesabu fedha na kuagana vizuri, namba ya siri ibadilishwe Jumamosi hiyo hiyo. Hata kama ni mtoto wa dada yako. Na kama hana namba ya NIDA, usimsajilie laini kwa vidole vyako. Tangu Januari 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, na wengi waliwasajilia ndugu na wafanyakazi kwa wema tu. Kosa litakalofanywa kwa laini ile litakutafuta wewe. Piga *106# uone ni laini ngapi ziko kwa jina lako. Mimi nilikuta moja ya shemeji yangu aliyekwisha kuhamia Kondoa.

Wengine mtaniuliza: je, mume? Katika ndoa yetu simu zetu hazifichwi. Yeye anaijua namba yangu na mimi yake. Lakini neno la siri la kazini halijui, na la kikundi halijui, wala hajawahi kuuliza. Hayo si mali yangu hata niweze kumgawia. Mama akimnyima mumewe siri ya mgonjwa au ya kikundi hajavunja unyumba, na mume anayedhani amevunja aelezwe taratibu, ikibidi mbele ya mzee wa kanisa. Tena kwa kikundi kuna njia nzuri zaidi. Kuna huduma za vikundi kwenye simu, kama M-Koba iliyoanza 2019, ambapo fedha hazitoki mpaka viongozi wengine nao waidhinishe, kila mmoja kwa simu yake. Ni zile kufuli tatu za sanduku. Na kumbukeni kwamba daftari la wanachama lenye namba zao za NIDA nalo linalindwa: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, nayo haisemi kwamba vikundi vya kanisani vinasamehewa.

Yule mweka hazina nilizungumza naye, tukiwa wawili tu, nyuma ya jiko. Alibadilisha namba jioni ile. Binti alinuna siku mbili, akamwuliza mama yake kama hamwamini tena. Mama akamwambia, "Siku hela zikipungua, mwanangu, nataka waniulize mimi, wasikuulize wewe." Binti akachukua ungo, akaendelea na mahindi.