Stelingi Hafi: Ubishi wa Picha za Terminator Mang'ula

Mang'ula ukianza kubishana juu ya picha, hutaulizwa kwanza imetoka mwaka gani wala nani kaiongoza. Utaulizwa umeiangalia kwa DJ nani. Jibu lako ndilo litakaloonyesha kama mnazungumzia picha moja au mbili tofauti, maana picha iliyopita mdomoni mwa DJ, yaani mfasiri hodari, huwa na mambo ambayo aliyeitazama kwa Kizungu kitupu hakuyapata: chanzo cha kinyongo cha adui, methali iliyotupwa katikati ya risasi, onyo kwa stelingi, yaani shujaa wa picha, kwamba nyuma ya mlango kuna mtu. Derek Mukandala, aliyejulikana nchi nzima kwa jina la Lufufu, ni miongoni mwa waliotangulia kututilia Kiswahili namna hiyo kwenye mikanda ya video. Baada yake wamekuja akina DJ Mark, na kutoka Kenya DJ Afro. Waganda nao wana VJ Jingo wao.

Wapo wanaopinga desturi hiyo, na hoja yao ina uzito. DJ akishazungumza juu ya picha, sauti ya asili inazama. Katika Return of the Jedi ya 1983 kuna rubani wa sayari za mbali, Nien Nunb, ambaye sauti yake ilitolewa na Kipsang Rotich, mwanafunzi wa Kenya aliyekuwa Marekani, na maneno yake ni Kikikuyu. Anayeitazama picha hiyo kwa DJ anaweza kuikosa kabisa ladha hiyo. Hata hivyo mimi niko upande wa DJ. Bila yeye, mtoto wa mkulima wa mpunga asingejua kwa nini roboti la Terminator limetumwa kutoka mwaka 2029 kuja kumuua mhudumu wa mgahawa ambaye hajafanya kosa lolote.

Mang'ula imekaa chini ya milima ya Udzungwa, kwenye barabara iendayo Ifakara, na reli ya TAZARA inapita hapo hapo. Watu wake wametoka pande nyingi: Wandamba na Wapogoro wa bondeni, Wahehe na Wabena walioshuka kutoka nyanda za juu, Wasukuma waliofuata malisho na mashamba, vijana walioitwa na miwa ya Kilombero. Kibanda umiza, banda la kuonyeshea video, kiliwakusanya wote kwenye mabenchi yale yale, kwa kiingilio cha jero au chini yake. Bwawa la Kidatu, lenye uwezo wa megawati 204, liko jirani, lakini vitongoji vingi vilikaa miaka vikiona nyaya zikipita juu kwa juu. Picha ilitegemea jenereta. Petroli ikiisha kabla ya mwisho, mwisho ulitungwa njiani wakati wa kurudi nyumbani, na kesho yake ubishi ulianzia hapo.

Sheria ya kibandani ni moja: stelingi hafi. Anaweza kupigwa, kuchomwa kisu, kufungiwa ndani ya gari linaloungua, lakini mwisho atasimama. Ndiyo maana picha za Terminator zimezua ubishi kuliko nyingine zote. Wengi walikuwa wameshamjua Arnold Schwarzenegger kama komando wa Commando ya 1985, anayefyeka jeshi zima peke yake ili kumrudisha binti yake. Mikanda haikutufikia kwa mpangilio wa miaka. Mtu aliyeketi kuangalia Terminator ya kwanza, ya 1984, alimshangilia Arnold tangu dakika za mwanzo, kisha akaduwaa: huyu ndiye adui. Halafu ikaja ya pili, ya 1991, na mwenye sura ya adui yule yule akawa mlinzi wa mtoto John Connor, mwana wa yule mhudumu wa mgahawa. Mwishoni akaomba ateremshwe ndani ya chuma kilichoyeyuka, akazama huku kidole gumba kiko juu.

Je, stelingi amekufa? Swali hilo limekula mchana mwingi vijiweni. Wa upande mmoja wanasema mashine haifi, huzimwa tu, kwa hiyo sheria haijavunjwa. Wa upande wa pili wanasema aliyechagua kufa ili mtoto abaki amekufa kweli, tena amekufa kiume, na sheria imevunjwa kwa heshima. Nakubaliana na hawa wa pili. Uzuri wote wa picha ile umo katika kitu kilichotengenezwa ili kuua kufundishwa na mtoto thamani ya uhai, kisha kikaishika kuliko watu wenyewe. Ya 2003 inakimbiza magari vizuri, basi. Ya 2009, yenye vita vya wakati ujao, haina wa kumlilia. Ya 2015 ilimgeuza John mwenyewe kuwa adui, na hilo wengi hawajalisamehe.

Ila mjadala mzito ni wa Dark Fate, ya 2019. Mwanzoni kabisa John, akiwa bado mtoto, anapigwa risasi mbele ya mama yake, na aliyemwua ana sura ya yule yule aliyemlinda. Miaka inapita. Muuaji, kazi yake imekwisha, anajifunza kuishi na watu, anapata mke na mtoto wa kulea, anauza mapazia, anaitwa Carl. Kwa siri anamtumia mama wa marehemu ujumbe wa kumwonyesha mahali maroboti mengine yatakapotokea, ili kifo cha mwanawe kisiwe cha bure.

Hapo wazee huvuta viti. Katika mila za watu wengi wa bonde hili, mauaji hayaishi kwa muuaji kujuta peke yake. Pande mbili hukaa, wapo wasemaji, kuna fidia inayotajwa na kupokelewa au kukataliwa hadharani. Ujumbe usio na jina ni fidia ya namna gani? Vijana wanajibu kwamba mwishoni Carl alitoa uhai wake, amelipa. Nimewahi kumsikia kijana akimwambia mzee, "Shikamoo mzee wangu, ila hapa nakukatalia," akaeleza hoja yake akiwa amesimama, na mzee akamsubiri amalize. Ndiyo adabu yenyewe: unaruhusiwa kumpinga aliyekuzidi umri, huruhusiwi kumkatiza. Watani tu ndio wanaokatizana wapendavyo. Kwangu mzee alikuwa na haki. Sarah Connor, mama yake John, hakuulizwa kama anaipokea fidia hiyo.

Vibandani wasichana walikuwa wachache, na hilo si jambo la kujivunia. Wengi wao walizipata picha kwa njia ambayo naiona bora kuliko zote, yaani kusimuliwa. Msimu wa mpunga kukomaa, familia nyingi huhamia mashambani bondeni kuamia ndege, na juu ya dungu mchana ni mrefu. Aliyeiona picha huwasimulia wasioiona: milio ya bunduki kwa mdomo, mikimbio kwa mikono, sauti ya DJ ikiigwa neno kwa neno. Kumbukumbu ikipungua, anaongeza yake. Kuna watu wazima leo wanaoweza kukueleza T-1000, adui wa picha ya pili, alivyopita kwenye nondo kama maji, na hawajawahi kuiona picha yenyewe.

Siku hizi muvi huingizwa kwenye memori kadi kwa bei ndogo, na simu huchomolewa mfukoni kama ushahidi ubishi ukipamba moto. Wenye simu hudai kwamba aliyesimuliwa tu hana haki ya kuchangia. Vijiwe vya Mang'ula nivijuavyo vimelikataa dai hilo. Aliyesimuliwa huulizwa swali moja, alisimuliwa na nani, na akimtaja msimuliaji anayeaminika anapewa nafasi ya kusema kama wengine.