Taa nyekundu ya mafuta: kwa nini motere ya Prado inaweza kufa katikati ya njia

Tuchukue mfano. Siku ya posho asubuhi, jamaa moja ya Likasi inapanda Prado kwenda ndoa Lubumbashi: baba kwenye usukani, mama pembeni, nyuma watoto pamoja na nyanya yao. Ni kilometa karibu 120 tu. Mbele ya kufika Lwisha, taa ndogo nyekundu yenye picha ya birika inawaka, inazimika, inawaka tena. Baba anasema: "Tufike kwanza Lwisha, tutaangalia kule." Pengine hawatafika. Na wakisimama, watasimama katikati ya makamyo yenye kubeba shaba.

Watu wengi wanasema motere ilikufa "gafula tu." Mara nyingi haiko vile. Motere inaonya. Shida ni kwamba tunasikia onyo na tunaendelea kutembea.

Ile taa ya birika haisemi tu kama mafuta ya motere yamepunguka. Inasema mafuta hayasukumwe tena na nguvu. Motokari ikitembea kilometa 100 kwa saa, chuma kikubwa cha ndani ya motere kinazunguka karibu mara 30 kila segonde. Hakigusane na vyuma vingine, kwa sababu kinalala juu ya utando mwembamba wa mafuta. Utando ule ukiisha, chuma kinasuguana na chuma, moto unapanda, vyuma vinashikana. Inaweza kuchukua dakika moja, hata chini ya ile. Kutoka hapo, si kazi ya kuongeza litre moja ya mafuta. Ni kutafuta motere ingine.

Kwa Prado, kuko ugonjwa mumoja wenye mafundi wa inchi nyingi wanajua. Ni kwa zile za mazutu zenye motere ya litre 3, 1KD, zilizotengenezwa mbele ya mwaka wa 2015. Kila enjektere kati ya zile ine inakaa juu ya kapete kadogo ka shaba. Kapete kale kakichoka, moshi wa ndani unapita pembeni na kuingia katika mafuta ya motere. Mafuta yanageuka mazito kama lami. Masizi yanashuka chini, yanaziba kachungio kenye pompe inavutia mafuta. Siku ile unaweza kupima na kukuta mafuta iko ya kutosha, lakini hayapande tena. Motere inakufa na kiu, na maji iko chini ya miguu yake.

Onyo zake zinajulikana: asubuhi motere inawaka kwa shida, inagongagonga ikingali baridi, mafuta inakuwa nyeusi na nzito mbio kisha kubadilisha, taa ya birika inachelewa kuzimika. Dawa ni kubadilisha pete zote ine, kufungua sahani ya chini na kusafisha kachungio. Ni kazi ya feza, lakini bei yake haifike ile ya motere.

Kunabakia kitu kimoja chenye kweli kinaweza kukatika bila kelele: mukanda wa ndani wa motere. Kwa hii motere ya 1KD, ukikatika, pistoni zinagonga soupape. Taa yenye kuandikwa T-BELT inawaka kufuatana na kilometa. Lakini motokari nyingi za hapa zilinunuliwa okazyo, zikapita Dar es Salaam na Zambia mpaka Kasumbalesa, na kuko wenye kurudisha kilometa nyuma. Mwenye kununua bila karatasi ya kazi yenye ilifanyika, heri abadilishe ule mukanda na mafuta mbele ya safari ndefu ya kwanza.

Na mutu asifikiri ni shida ya motokari za zamani tu. Katika mwezi wa ine 2025, kampuni General Motors iliita karibu motokari 600 000 huko Marekani, kati yake Chevrolet Tahoe, Suburban na Cadillac Escalade za miaka 2021 mpaka 2024, kwa sababu vyuma vya ndani vya motere ya litre 6,2 vilikuwa na kasoro. Zenye hazikuonekana na kasoro, waliziwekea mafuta mazito kidogo zaidi. Hata kwa motere mupya, mafuta njo uzima.

Sasa, taa ikiwaka njiani mutu afanye nini? Awashe taa za hatari, atoke njiani pole pole, azime motere palepale. Asiiwashe tena "kwa kujaribu." Motere ikijizima yenyewe wakati wa kutembea, usukani unakuwa muzito na freni inakuwa ngumu: lazima kukanyaga kwa nguvu, bila kupiga-piga, na kuacha ufunguo mahali pake ili usukani usijifunge. Watu wote washukie upande wenye makamyo hayapite, watoto wapelekwe mbali na barabara. Triangle ao matawi yawekwe mbali nyuma, ili kamyo ipate nafasi ya kusimama.

Na mbele ya kutoka, dakika tano zinatosha. Asubuhi, motere ikingali baridi na motokari ikiwa mahali pa sawasawa, kupima mafuta, kupima maji, kuangalia chini kama hakuna kinachotonya. Wakati wa kiangazi, vumbi ikiwa nyingi, kuangalia pia filtre ya hewa.

Kuchelewa kwenye ndoa, watu watacheka na kusamehe. Motere iliyoshikana haisamehe, na barabara yenye makamyo haisamehe pia.