Anayejenga Kanisa Naye ni Hekalu: Kupima na Kudhibiti Hatari katika Kazi za Parokia



Wapendwa taifa la Mungu, karibu kila parokia yetu ina kazi ya ujenzi inayoendelea. Hapa ni kanisa la kigango, pale ni ukumbi, kwingine ni nyumba ya mapadre au vyoo vya chekechea. Waamini huchanga saruji na mabati, na Jumamosi wanajumuiya hufika na majembe na ndoo kusaidiana na mafundi. Huo ni ushuhuda mzuri wa imani. Hata hivyo, eneo la ujenzi ni mahali pa kazi, nalo lina hatari zake, hata kama anayefanya kazi hapo halipwi na hata kama kinachojengwa ni nyumba ya sala. Katika makala hii tunaeleza kwa nini jambo hili linaugusa wajibu wetu wa kikristo, na namna kamati za ujenzi zinavyoweza kupima na kudhibiti hatari kabla mtu hajaumia.

Je, si kumtegemea Mungu kwanza?

Wapo wanaosema kwamba kazi ya Mungu hulindwa na Mungu mwenyewe, kwa hiyo sala ya kuanzia inatosha. Sala ni ya lazima, lakini Injili inatufundisha jambo jingine pia. Ibilisi alipomweka Yesu juu ya kinara cha hekalu na kumtaka ajitupe chini kwa kutegemea malaika, Bwana alikataa, akionyesha kwamba huko ni kumjaribu Mungu (taz. Mt 4:5-7). Kumpandisha kijana juu ya kenchi bila kamba wala jukwaa imara, kisha kusema Mungu atamshika, kunafanana na jaribu lile.

Torati nayo iliweka sharti la wazi: ajengaye nyumba mpya aizungushie dari yake ukuta mdogo, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba ile (taz. Kum 22:8). Sheria hiyo haikungoja mtu aanguke kwanza. Ilimtaka mwenye nyumba aione hatari mapema, naye ndiye aliyebeba wajibu, siyo mgeni aliyepanda juu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, ikieleza amri ya tano, inakataza kumweka mtu katika hatari ya kifo bila sababu nzito (na. 2269). Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, aliyahesabu mazingira ya kazi yasiyodhuru afya kuwa miongoni mwa haki za mfanyakazi.

Tena, ajali inapotokea tusikimbilie kusema kwamba siku yake ilifika, au kwamba kuna mkono wa mtu. Yesu alipotaja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa wazo kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine (taz. Lk 13:4). Tunapomtafuta mchawi au dhambi ya marehemu, hatuiangalii mirunda iliyooza, na wiki inayofuata mtu mwingine hupandishwa juu ya mirunda ile ile.

Kihatarishi na hatari

Wataalamu hutofautisha mambo mawili. Kihatarishi ni kitu au hali inayoweza kudhuru: ngazi, umeme, saruji mbichi, shimo. Hatari ni ukubwa wa uwezekano wa kudhurika, ukiunganishwa na uzito wa madhara yenyewe. Shimo lililozungushiwa uzio madhubuti na shimo lililoachwa wazi karibu na uwanja wa watoto wa Utoto Mtakatifu ni kihatarishi kimoja, ila hatari zake hazilingani. Kazi ya kupima hatari ni kujua kipi kishughulikiwe leo na kipi kinaweza kungoja kesho.

Hatua tano za kupima

Kwanza, tambueni vihatarishi. Mwenyekiti wa kamati na fundi mkuu wazunguke eneo lote kwa miguu, wawaulize vibarua na akina mama wanaopika, kwa maana afanyaye kazi huona mengi yasiyoonekana ofisini.

Pili, jiulizeni ni nani anaweza kudhurika na kwa namna gani. Msiwasahau watoto wanaocheza hapo baada ya katekesi, wazee wanaobeba maji, na waamini wanaopita kuelekea Misa.

Tatu, pimeni uzito, kisha amueni kinga. Njia rahisi ni kutoa alama 1 hadi 3 kwa uwezekano, na 1 hadi 3 kwa madhara, halafu kuzidisha. Kupaua bila jukwaa imara ni 3 mara 3, yaani 9: kazi isianze. Likiwekwa jukwaa imara lenye vizuizi pembeni, uwezekano unashuka hadi 1, na jumla inakuwa 3.

Nne, andikeni katika daftari kilichoamuliwa, nani atakitekeleza, na lini. Agizo lisilo na jina la mtu huwa halina mwenyewe.

Tano, rudieni kupima kila kazi inapobadilika, mvua inaponyesha, au mtu anaponusurika. Aliyenusurika leo ametupa onyo bila gharama.

Kinga zina mpangilio

Wengi tukisikia usalama, tunafikiria kofia ngumu na glavu. Vifaa hivyo vinahitajika, lakini ni kinga ya mwisho. Ya kwanza ni kuiondoa hatari yenyewe: kenchi inaweza kuunganishwa chini badala ya juu. Ya pili ni kubadilisha kitu cha hatari kwa kingine kisicho na madhara makubwa. Ya tatu ni kuweka kizuizi, kama uzio au kingo za jukwaa. Ya nne ni utaratibu: nani aingie, saa ngapi, chini ya usimamizi wa nani. Baada ya hayo ndipo tunapovaa kofia, viatu vigumu na glavu. Saruji mbichi, kwa mfano, huunguza ngozi polepole, hivyo anayeikanyaga pekupeku huenda asihisi kitu mpaka ameshaumia.

Mambo mawili yasiyoonekana kirahisi

La kwanza ni mashimo. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito unaozidi tani moja, kwa hiyo ukuta wa shimo ukiporomoka, aliye ndani hawezi kujinasua. Kingo zitegemezwe au zichongwe kwa mteremko, na udongo uliochimbwa usirundikwe ukingoni. Shimo la maji taka au kisima cha zamani vinaweza pia kukosa hewa safi au kuwa na gesi ya sumu. Mtu akianguka humo ndani, mwenzake anayeshuka kumwokoa bila vifaa naye huanguka, na mara nyingi wa tatu hufuata. Upendo wa kweli hapo ni kutoshuka, kuita kikosi cha zimamoto na uokoaji, na kumvuta kwa kamba ikiwa alikuwa amefungwa tangu mwanzo.

La pili ni mapaa ya zamani. Baadhi ya majengo ya miaka mingi yaliezekwa kwa vigae vya asbesto. Vikivunjwa au kukatwa kwa msumeno hutoa vumbi laini linaloingia mapafuni na kuweza kuleta saratani baada ya miaka mingi, hata zaidi ya ishirini. Vigae hivyo visivunjwe na wanajumuiya, wala visigawiwe kwa watu wakaezekee jikoni. Aitwe mtaalamu kwanza.

Sheria za nchi

Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kulinda afya za wafanyakazi wake, na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, ndio unaoisimamia. Upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unaowahudumia wanaoumia au kuugua kutokana na kazi. Mlinzi, mpishi na mwalimu walioajiriwa na parokia ni wafanyakazi kama wengine, na haki zao ni zile zile. Aliyejitolea hana mkataba wa ajira, hivyo asidhaniwe kwamba mfuko huo utambeba. Akivunjika mgongo, mzigo unabaki kwa mkewe na watoto wake. Kwa sababu hiyo tunawajibika kumlinda zaidi, siyo kidogo.

Tufanye nini Jumamosi ijayo?

Tunashauri kila kamati ya ujenzi ianze na mambo manne. Ateuliwe mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi, hata kama paroko ana haraka ya kutabaruku. Liwepo sanduku la huduma ya kwanza na namba za simu za kituo cha afya kilicho karibu. Watoto wasiingie eneo la kazi. Na baada ya sala ya kuanzia, zitengwe dakika kumi za kuelezana hatari za siku hiyo.

Bajeti ya usalama isiwe ya kwanza kukatwa michango inapopungua. Kanisa linaweza kuchelewa mwaka mmoja na bado likatabarukiwa kwa furaha. Baba wa familia akianguka kutoka juu ya paa, hakuna mchango utakaomrudisha nyumbani kwake.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.