KUZIMA, KUFUNGIA NA KUFUTA: ISTILAHI ZA KUOKOA KISHIKWAMBI

Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti, 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viligawiwa walimu nchini. Kwa njia hiyo chombo kilichokuwa cha wachache kimekuwa kitendea kazi cha kawaida. Kwa mwalimu aliye katika milima ya Mbinga, au kando ya Ziwa Nyasa toka Lituhi hadi Mbamba Bay, fundi si mtu wa karibu. Akikosea, hana budi kujiokoa kwa maneno aliyoyasoma au aliyoambiwa kwa simu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maneno hayo bado hayajatenganishwa vya kutosha, na kwamba kasoro hiyo ina hasara.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa Liuli ambaye kishikwambi chake kimekuwa kizito. Anafungua orodha ya programu, anaona majina asiyoyafahamu, naye "anayazima" ili kupunguza mzigo. Kumbe miongoni mwake imo programu ya kibodi. Tangu hapo chombo kinawaka, lakini hawezi kuandika hata herufi moja. Anampigia simu mwenzake aliye Mbinga mjini, naye anamshauri: "Kirejeshe kama kilivyokuwa." Mwalimu anatafuta neno hilo, analikuta katika amri ya kurejesha hali ya kiwandani, na anatii. Kishikwambi kinapona, ila alama za wanafunzi za muhula mzima zimepotea.

Mwalimu huyu hakuwa mzembe. Amepotoshwa na maneno mawili: kuzima na kurejesha. Katika mazungumzo ya kawaida, kuzima hubeba dhana nyingi. Tunapendekeza zitenganishwe hivi:

(i) Kuzima: kukata nguvu ya chombo chote. Kikiwashwa, kila kitu huwa kama kilivyoachwa.

(ii) Kukatiza: kuisimamisha programu inayofanya kazi wakati huo. Yaweza kuanza tena.

(iii) Kufungia: kuizuia programu isifanye kazi mpaka iruhusiwe tena. Hata chombo kikizimwa na kuwashwa, kizuizi hubaki.

(iv) Kuondoa: kuitoa programu pamoja na data zake.

Wapo watafsiri watumiao kulemaza kwa dhana ya tatu. Sisi hatuoni kuwa lafaa, kwani aghalabu ulemavu hufikiriwa kuwa hali ya kudumu, ilhali kizuizi hiki huondoleka. Kufungia kunafahamika: leseni hufungiwa, mchezaji hufungiwa, kisha hufunguliwa. Kadhalika, neno hili lina kinyume chake tayari, yaani kufungulia. Programu ya mfumo iliyofungiwa ni kama mtumishi aliyesimamishwa kazi: hafiki ofisini, lakini jina lake limo daftarini. Programu yenyewe bado imo katika sehemu ya hifadhi ambayo mtumiaji hawezi kuibadilisha kwa njia za kawaida. Ndiyo maana kuiokoa kunawezekana.

Ama kuhusu kurejesha, neno hili litumike pale tu ambapo kitu kilichokosekana kinarudi. Amri ya hali ya kiwandani humrudishia mtumiaji chombo, lakini hufuta kazi yake. Yafaa iitwe kufuta yote na kuanza upya, ili onyo liwe ndani ya jina lenyewe.

Tukizitumia istilahi hizi, maelekezo kwa kishikwambi cha mfumo wa Android huwa bayana, ijapokuwa mpangilio wa menyu hutofautiana kwa watengenezaji:

Kwanza, zima chombo na ukiwashe. Hatua hii hutibu kilichokatizwa, si kilichofungiwa.

Pili, ingia katika mipangilio, fungua orodha ya programu, agiza programu za mfumo nazo zionyeshwe, kisha ufungulie iliyofungiwa. Ikiwa hukumbuki ni ipi, tumia amri ya kuweka upya mapendeleo ya programu. Amri hiyo hufungulia zote kwa pamoja bila kufuta data, ingawa baadhi ya chaguo zako utazipanga tena.

Tatu, ikiwa programu ulizoongeza mwenyewe zinakuzuia kufika huko, washa chombo katika hali salama. Humo programu hizo hupumzishwa. Zile za mfumo zilizofungiwa hubaki zimefungiwa mpaka uzifungulie.

Mwisho kabisa, baada ya kunakili kila kinachoweza kunakiliwa, ndipo ufute yote na kuanza upya. Hata hapo uwe na nywila ya akaunti ya awali, kwani chombo huweza kuidai.

Mwaka 2004 Jambo OpenOffice, iliyotokana na mradi uliokishirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilionyesha kwamba kompyuta yaweza kutumika kwa Kiswahili. Kwa hiyo swali la leo si kama neno litapatikana. Kila mtafsiri anapoandika amri, ajiulize: baada ya kitendo hiki, mtumiaji atabakiwa na nini? Istilahi isiyojibu swali hilo haijakamilika, hata ikiwa ni fasaha.