Hedhi inapoaga, nani hutufunda?

Leo nazungumza hasa na kina mama na kina dada waliokwishatimiza miaka 40. Kina baba msizime redio, maana jambo lenyewe limo humo humo nyumbani mwenu.

Naomba nianze na yaliyonipata mwenyewe. Nilikuwa na miaka 45. Usiku mmoja, kama saa tisa hivi, niliamka moyo ukinidunda kama mtu aliyekimbizwa na mbwa. Uso na kifua vinawaka moto, jasho limelowesha shuka, vidole vimeingia ganzi. Nikajisemea, leo ndiyo leo, huu ni ugonjwa wa moyo. Nilimwamsha baba watoto, tukakaa kitandani nikiwa nimeshika mshipa wa shingo, nahesabu mapigo mpaka adhana ya alfajiri.

Asubuhi nilikwenda duka la dawa la mtaani nikanunua dawa mseto ya malaria, bila kupima. Tangu utotoni nikichemka mwili huambiwa ni malaria, basi hii nayo ingekuwa nini? Baada ya wiki mbili joto likarudi, nikanunua dozi nyingine. Mara ya tatu ndipo nikaenda hospitali. Nikapimwa malaria, hakuna. Nikapimwa umeme wa moyo, mzima. Mwezi uliofuata kichwa kikaniuma, nikaamini nina uvimbe kwenye ubongo, nikaenda hospitali nyingine. Kila jibu zuri lilinipa raha ya siku tatu au nne, kisha hofu ikahamia kiungo kingine. Jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, alinishauri nikaangaliwe kwa mganga kwa kuwa huenda nimetupiwa jini.

Aliyenifungua macho ni muuguzi wa makamo aliyekuwa akinipima presha. Aliniuliza swali ambalo katika safari zangu zote hakuna aliyeniuliza, yaani siku zangu za mwezi zinakwendaje. Kwa kweli hazikuwa zikienda sawa. Mwezi huu zinawahi, mwezi ule hazionekani kabisa. Mimi nilidhani ni uchovu wa kazi.

Mpenzi msikilizaji, tulipovunja ungo wengi wetu tuliitwa ndani. Palikuwa na somo, au kungwi, au shangazi, na kwa waliokulia mjini palikuwa na mwalimu wa sayansi. Tuliambiwa nini kinakuja na tujitunze vipi. Lakini hedhi inapoaga, hakuna anayetuita. Kila mmoja anaingia gizani peke yake, na gizani kila kivuli ni nyoka.

Basi tufundane. Mwanamke huhesabiwa kwamba amekoma hedhi anapotimiza miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, pasipo sababu nyingine kama mimba, ugonjwa au dawa. Kwa wanawake wengi hilo hutokea kati ya umri wa miaka 45 na 55. Lakini hedhi haizimiki ghafla. Kabla yake kuna kipindi cha kuelekea huko, ambacho kwa wastani huchukua kama miaka minne, ingawa kwa baadhi huwa kifupi na kwa wengine hurefuka sana. Katika kipindi hicho ovari, yaani vile viungo vinavyotunza mayai, hazitoi tena homoni ya estrojeni kwa utaratibu wa zamani. Leo inapanda, kesho inashuka. Kila mwenye friji mjini anajua kwamba umeme unaopanda na kushuka una madhara yake.

Sasa lile joto. Ndani ya ubongo kuna sehemu inayosimamia joto la mwili. Estrojeni inapoyumba, sehemu hiyo huwa nyepesi kushtuka. Badiliko dogo la joto ambalo zamani isingelijali, sasa hulichukulia kuwa mwili unaungua, nayo hutoa amri ya kuupoza. Mishipa ya damu kwenye ngozi hutanuka, jasho hutoka, moyo huongeza mwendo. Baada ya dakika chache, mara nyingi kati ya 1 na 5, mambo hutulia, na pengine unabaki unatetemeka kwa baridi. Kwa hiyo moyo ule ulionidunda usiku ulikuwa unafanya kazi ya feni.

Hapo ndipo hofu inapopata mlango. Mtu asiyejua akisikia moyo unakwenda mbio, huogopa. Hofu humwaga adrenalini katika damu, na kazi mojawapo ya adrenalini ni kuongeza mapigo. Moyo unazidi kukimbia, naye anaona kumbe alikuwa na haki ya kuogopa. Huanza kuhema haraka haraka, na kuhema huko hupunguza hewa ya kaboni mwilini, hivyo huleta kizunguzungu na ganzi ya vidole na midomo. Aidha, kuyumba kwa homoni kwenyewe kunaweza kuleta wasiwasi na huzuni. Ukiongeza na usingizi uliokatika usiku baada ya usiku, hata mtu hodari hushindwa kubishana na hofu yake. Kwa hiyo anayekuambia kwamba ni mawazo yako tu, hakutendei haki. Dalili ni za kweli. Kinachokosewa ni maana tunayozipa.

Je, tufanye nini? Kwanza, kapime, tena kwa ukamilifu. Kusema kila kitu ni umri ni kosa kubwa kama lile la kusema kila kitu ni malaria. Homa ya kweli hupandisha kipimajoto, lakini joto hili hukufanya uhisi unaungua huku kipimajoto kikionyesha huna homa. Hata hivyo malaria huua, na homa yake huja na kuondoka, hivyo usikisie. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linasisitiza mgonjwa apimwe kwanza ndipo apewe dawa, na kipimo cha haraka huhitaji tone la damu na kusubiri chini ya nusu saa. Pamoja na malaria, mwombe daktari apime presha, wingi wa damu, sukari, na tezi ya thairoidi iliyoko shingoni, kwa kuwa hitilafu za tezi hiyo na upungufu wa damu huweza kuukimbiza moyo vilevile. Jasho la usiku likiambatana na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, au kukonda bila sababu, omba upimwe kifua kikuu na virusi vya Ukimwi.

Pili, zijue dalili zisizongoja kesho. Maumivu ya kifua yanayobana, hasa yakielekea mkononi au kwenye taya. Kuzimia. Mdomo kupinda au upande mmoja wa mwili kulegea. Damu nyingi inayokulazimu kubadilisha pedi kila saa. Hizo ni za kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo. Damu inayotoka baada ya mwaka mzima bila hedhi, au baada ya tendo la ndoa, nayo ipeleke kwa daktari mapema. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na uchunguzi wake wa awali kwa kutumia siki hufanyika katika hospitali na vituo vingi vya afya. Vilevile, hedhi kupotea miezi miwili si kinga ya mimba.

Tatu, ukishapimwa na kuambiwa u mzima, acha kuwinda ugonjwa. Chagua daktari mmoja badala ya kuzunguka hospitali tano. Nunua daftari la shule, andika tarehe ya hedhi, saa joto lilipokuja, ulikula au kunywa nini, ulilala vipi. Mimi baada ya miezi miwili daftari lilinionyesha kwamba kahawa ya jioni na ugomvi wa ofisini vilikuwa na mkono wao. Joto linapoanza, usishike mshipa kuhesabu mapigo, wala usifungue simu kutafuta magonjwa kwenye intaneti. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe taratibu kwa hesabu ya sita, urudie mpaka litulie. Lala na khanga nyepesi, dirisha liwe na hewa, na maji yawe karibu.

Nne, ikiwa dalili zinakunyima usingizi na kazi, tiba ipo. Homoni ziliogopwa sana baada ya utafiti mkubwa wa Marekani, Women's Health Initiative, ambao sehemu yake ilisitishwa mwaka 2002. Wanawake waliochunguzwa walikuwa na wastani wa miaka 63. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba kwa wengi walio chini ya miaka 60, au ambao hedhi yao haijapitisha miaka 10 tangu ikome, faida huzidi hatari. Lakini si za kununua dukani kwa kuambiwa na shoga yako. Aliyewahi kupata saratani ya matiti au damu kuganda kwenye mishipa huhitaji njia nyingine, na zipo. Na kama hofu au huzuni inakushika kila siku kwa wiki kadhaa, mweleze daktari hivyo hivyo ilivyo. Mazungumzo na mtaalamu wa ushauri ni tiba kama vidonge.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Nilipomsimulia mama yangu mzazi yaliyonipata, alinyamaza kitambo. Kisha akaniambia kwamba ile miaka aliyokuwa akilala sakafuni juu ya mkeka, sisi watoto tukidhani amegombana na baba, ndiyo ilikuwa hiyo. Alikuwa akitafuta ubaridi wa saruji. Hakumwambia mtu, hata mumewe, na yeye alikuwa na hakika kwamba anakufa.

Mimi binti yangu nimekwishamwambia. Kaka unayenisikiliza, mkeo akiamka saa tisa usiku amelowa jasho, usimwambie aache vituko. Mletee maji, ukae naye hizo dakika tano.

Mpaka wiki ijayo, panapo majaliwa, nawatakia usingizi mwema.